Fundo lililosukumwa: kisa cha mrina asali aliyeshuka kwa kamba Liwale

Kijana alisimama mita moja kutoka ardhini, miguu ikitapatapa hewani. Mjomba wake alikuwa amelala chali kwenye majani makavu, kamba kaibana kifuani kwa mikono miwili, kisigino kakizamisha kwenye mzizi. Tangu kijana aachie kamba hadi asimame pale sidhani kama zilipita sekunde tatu. Katika sekunde hizo alishuka kama mita saba. Kiganja cha kulia kilikuwa kimeungua kwa msuguano wa kamba, na nyuki walikuwa bado wanamgonga shingoni.

Tulikuwa tumemfungia kinga. Kitanzi cha kamba ndogo kilizungushwa kwenye kamba kubwa ili, mkono ukiachia, chenyewe kibane na kumsimamisha. Hakikubana. Kilichomsimamisha ni mzee wa makamo ya miaka sitini ambaye dakika moja kabla alikuwa anaenda kuchochea moshi.

Naandika kisa hiki kwa sababu kitanzi kile nilikikata mimi, nikakifunga mimi, na wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimemhakikishia kijana kwamba kinafanya kazi. Na kweli kilikuwa kinafanya. Hapo ndipo penye mafunzo yote.

Nimepanda minara ya simu kwa miaka kadhaa, Mtwara na Lindi, kabla ya kuachana na kazi hiyo. Kamba, mikanda na vyuma vyake navijua. Nyuki siwajui, na hilo nalo lilichangia.

Mti na vifaa

Kijiji kiko wilaya ya Liwale, ndani ya miombo, na jina lake naliacha. Mzinga ulikuwa wa gogo, umetundikwa kama mita kumi na moja juu kwenye mti wa myombo. Wanaoshangaa kwa nini mtu atundike mzinga juu hivyo hawajawahi kupoteza asali kwa nyegere. Wala kwa binadamu.

Mjomba alijifunza kurina kwa kamba ya gome la myombo inayozunguka kiuno na shina. Unaegemea nyuma, unarusha kamba juu kidogo, unasogeza miguu, unarusha tena. Kushuka ni hivyohivyo. Ni kazi ya kuchubuka mapaja, na ukikuta tawi katikati inabidi ufungue kamba na kuirudisha juu ya tawi, na hapo ndipo warina wengi walipoangukia. Mpwa wake hakuitaka njia hiyo. Alikuwa ameachiwa na mgeni mmoja mkanda wa kukalia unaotumiwa na wawindaji wa Marekani, akauona kama ukombozi.

Mkanda huo kwao unaitwa kwa jina la tandiko la farasi, ingawa unafanana zaidi na bembea ya kitambaa. Unakaa chini ya makalio na kiuno. Mbele yake kuna kamba fupi inayounganisha nyonga ya kulia na ya kushoto, tuliiita daraja. Mwindaji wa upinde anayemvizia paa hupanda mti, hujifunga kwenye shina kwa kamba inayotoka juu ya kichwa chake hadi kwenye daraja, kisha hukaa saa nyingi akining'inia, bila jukwaa kubwa wala kelele. Ubavuni mwa mkanda kuna vitanzi viwili vya kufungia kamba ya kuzunguka mti wakati wa kupanda. Kamba hiyo ndiyo ile ya gome ya Mjomba, ila ya nailoni. Akimaliza, badala ya kushuka kwa hatua gizani, wawindaji wengi siku hizi hufunga kamba ndefu juu na kuteleza nayo hadi chini kupitia chuma cha kupunguzia mwendo.

Kamba yetu ndefu ilikuwa nzuri. Milimita 11, ya aina isiyonyumbuka sana. Kiwango cha Ulaya EN 1891 kinataka kamba ya aina A ihimili kilonewtoni 22 kabla haijapigwa fundo, yaani zaidi ya tani mbili. Ukipiga fundo unapoteza sehemu ya nguvu hiyo, lakini kijana wa kilo 68 hakai hata karibu na mpaka. Chuma cha kushukia kilikuwa cha umbo la namba nane, tulikiita nane. Karabina, zile pete za chuma za kuunganishia, zilikuwa za mlango wa kufunga kwa kuzungusha. Huko kote sikupata kosa, na nimekagua mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Kitanzi cha kinga kilikuwa cha manila, ile kamba ya plastiki inayouzwa kwa mita kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kamba ya nailoni ya milimita nane niliyotaka haikupatikana Liwale mjini, na mimi nikasema basi, ya muda huu itafaa. Kilikuwa kimezungushwa mara nne kwenye kamba kubwa, chini ya kile chuma cha nane, na ncha zake zikaingia kwenye karabina ya kitanzi cha ubavuni.

Jioni yenyewe

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, miyombo imeanza kutoa majani mekundu. Kijana alipanda vizuri. Alifika kwenye mzinga jua linazama, akapuliza moshi, akafungua. Asali ilikuwepo. Alijaza ndoo ya kwanza, tukaishusha kwa kamba yake.

Kufikia sega za upande wa pili ilimbidi asogee karibu na shina. Akafanya jambo ambalo mtu yeyote aliyekaa kwenye mkanda ule angelifanya: akalifupisha daraja. Lina kifundo cha kuvutia, ukikivuta linapungua, mwili unasogea kwenye mti. Alilipunguza kwa shubiri na ushei. Hakuliongeza tena.

Baadaye nyuki walibadilika. Mjomba anasema aliisikia sauti yao kwanza. Mimi niliinusa harufu: nyuki mmoja akichoma huacha harufu inayowaita wenzake, na harufu hiyo inafanana sana na ndizi mbivu. Kijana akapiga kelele kwamba anashuka. Alitia kamba kubwa kwenye nane, akafunga karabina, akazungusha kitanzi cha kinga, akafungua kamba iliyomshika kwenye mti, akaanza kuteleza. Alifanya yote hayo kwa mpangilio sahihi niliomfundisha, isipokuwa hatua moja ambayo sikumfundisha kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa naifanya mara moja kwa msimu.

Baada ya kama mita tatu nyuki wawili waliingia ndani ya wavu wa kofia. Akaachia mikono yote miwili kujipiga usoni.

Hapo sina lawama naye hata chembe. Mtu anayechomwa jichoni haamui cha kufanya na mikono yake. Na hii ndiyo tofauti yetu na wale wawindaji waliobuni mkanda. Wao huwaza giza na vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi. Kinga yao imejengwa kwa ajili ya mkono unaochoka au kuteleza. Yetu ilipaswa kujengwa kwa ajili ya mkono ambao hakika utaondoka.

Mjomba alikuwa amegeuka kwenda kwenye moshi. Aliniambia baadaye, "Niliona kivuli kinakuja, nikajilaza na kamba." Mwili wake ulifanya kitu ambacho wapanda milima hukifundisha kwa makusudi: mtu aliye chini akiivuta kwa nguvu kamba inayotoka kwenye chuma cha kushukia, kamba inapinda kwenye chuma na anayeshuka anasimama. Yeye hajawahi kufundishwa. Kwao, mrina akiwa juu, kamba haiachwi ikalegea, basi. Bila kamba hiyo kukazwa kijana angefika chini kwa kasi ambayo sitaki kuikadiria. Anayedondoka mita nane bila kizuizi chochote hufika chini akiwa kwenye zaidi ya kilomita 40 kwa saa.

Tulimteremsha mita ile moja iliyobaki, tukamkokota mbali na mti. Niling'oa miiba kumi na saba usoni na shingoni kwa ukucha, kwa kukwangua. Macho yalivimba yakafunga, pumzi ilikuwa nzuri. Tulimwangalia usiku kucha hata hivyo.

Nani alishindwa?

Kesho yake niliikagua manila. Ilikuwa na mstari unaong'aa, kama nta, mahali ilipogusana na kamba kubwa. Imeyeyuka. Plastiki ya namna hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 160 na kidogo, ilhali nailoni huvuka 200 kabla haijaguswa. Nikasema moyoni, mwizi ni huyu. Kesi imekwisha: kamba ya bei rahisi.

Mjomba hakukubali. Alikuwa ameshika kile kitanzi anakigeuzageuza. "Imeungua kwa sababu ilikimbia," akasema, "haikukimbia kwa sababu imeungua."

Basi tukafunga kamba kwenye tawi la mwembe nyuma ya nyumba, tawi nene, nikavaa mkanda mimi, nikaning'inia mita moja juu ya mchanga. Daraja nikaliacha fupi kama alivyoliacha kijana. Nikaachia mikono. Nikafika chini kwa makalio.

Mara ya pili nikaondoa manila nikaweka kamba ya nailoni ya milimita nane, niliyoikata kutoka kwenye mkanda wangu wa zamani wa mnarani, kwa urefu uleule. Nikaachia. Nikafika chini kwa makalio tena, na mke wa Mjomba akatoka nje kuangalia watu wazima wanafanya nini.

Mara ya tatu nikairudisha manila, lakini nikaifupisha ikabaki shubiri moja. Nikaachia. Ilitambaa kidogo, karibu shubiri, ikalia, kisha ikashika. Mara ya nne, nailoni fupi: ilishika papo hapo, nikabaki nanesanesa kama ndoo kisimani.

Kwa hiyo Mjomba alikuwa sahihi. Manila ni kamba mbovu kwa kazi hii na tumeitupa, lakini mkosaji mkuu alikuwa urefu.

Fundo la namna hii, ambalo mzee wake ni lile la Karl Prusik wa Austria aliyelitangaza mwaka 1931, halishiki kamba kwa sababu limezungushwa. Linashika kwa sababu linavutwa. Mwili ukianza kuporomoka, fundo linabaki kwenye kamba, nyonga inashuka, kitanzi kinakazwa, mizunguko inajipinda na kuuma. Lakini likiguswa na nane kutoka juu kabla kitanzi hakijakazwa, halivutwi tena, linasukumwa. Na fundo linalosukumwa hulegea, ndivyo hasa tunavyolisogeza kwa vidole wakati wa kushuka. Nane ilikuwa inafanya kazi ya vidole vyake, kwa uzito wa mwili wake wote.

Nilipima. Kitanzi changu kikivutwa kilikuwa na urefu wa dhiraa moja, sentimita 45 hivi. Siku tuliyofanya mazoezi daraja lilikuwa refu, nane ikakaa juu usawa wa kidevu, kama sentimita 60 kutoka kwenye kitanzi cha ubavuni. Kulikuwa na nafasi ya kutosha. Kijana alipolifupisha daraja akiwa mzingani, nane ilishuka hadi sentimita 35 hivi. Dhiraa haiwezi kukazwa ndani ya sentimita 35. Kinga ilikufa pale pale, mita kumi na moja juu, kwa kuvuta kifundo kimoja, na hakuna kitu kilichobadilika machoni. Bado kilikuwa kitanzi kilichofungwa vizuri, mizunguko minne, karabina imefungwa.

Kosa hili kwenye mkanda wa mnarani ni gumu kulifanya. Pete ya kifua haisogei na ya kiunoni haisogei. Umbali kati yake ni uleule kila siku, ukipima mara moja umepima. Nilikuja na kipimo cha mkanda usiobadilika nikakivika mkanda unaobadilika. Sioni aibu kutojua nyuki. Hili naliona aibu.

Tulichobadilisha

Kwanza, nane haifungwi tena moja kwa moja kwenye daraja. Kuna kipande cha utepe wa kushonwa, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kifundoni, kinachoipandisha juu. Hata daraja likifupishwa kabisa, nane inabaki mbali. Kitanzi cha kinga ni cha nailoni ya milimita nane kwenye kamba ya milimita 11, na urefu wake ukikivuta ni shubiri. Kamba ya kitanzi lazima iwe nyembamba kuliko kubwa kwa kiasi cha kuonekana; zikilingana unene haziumani.

Kijana aliuliza kwa nini fundo lisikae juu ya nane badala ya chini, maana juu haliwezi kusukumwa na kitu. Ni swali zuri na wapo wanaofanya hivyo. Lakini fundo la juu likishika linabeba mwili mzima, na huwezi kulilegeza bila kwanza kujiinua, kwa kitanzi cha mguu au kwa kukumbatia mti. Fundo la chini linabeba kidogo tu, kazi kubwa inafanywa na nane, kwa hiyo unalilegeza kwa vidole viwili na kuendelea. Mtu aliyezungukwa na nyuki hawezi kuanza kusuka kitanzi cha mguu. Wala hafai kukaa akining'inia bila kujongea: miguu inakufa ganzi, damu inabaki chini, na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache huku mkanda umemshika vizuri kabisa.

Vidole viwili nimevisema kwa makusudi. Anayeogopa kuanguka hukamata kilicho karibu, na kilicho karibu ni lile fundo. Akilikumbatia kwa kiganja chote analizuia lisibane. Tunalisogeza kwa kidole gumba na cha shahada, na mkono mwingine uko chini yake kwenye kamba.

Wavu wa kofia sasa unachomekwa ndani ya kola na kufungwa na kitambaa. Kwa ajili ya nyuki, ndiyo, na pia kwa sababu wavu unaoning'inia ukiingia kwenye nane utamezwa pamoja na kamba, na ukishamezwa huendi juu wala chini.

Na ile hatua ambayo sikuifundisha. Kabla ya kufungua kamba inayokushikilia kwenye mti, ilegeze kidogo tu, kiasi cha shubiri mbili. Kaa kwenye nane kwa uzito wako wote. Kisha achia mikono yote miwili, uinyanyue pembeni uione, na hesabu hadi tano kwa sauti. Kinga ikikushika, rudisha mkono, fungua kamba ya mti, shuka. Isipokushika, umeteleza shubiri mbili na bado umefungwa. Jaribio hili lingefanyika jioni ile, lingechukua sekunde tano, na kijana angejua kwamba daraja fupi limeua kitanzi. Angeshuka kwa kamba ya kuzunguka shina kama babu zake, akichomwa njia nzima, lakini akiwa na ngozi kwenye kiganja.

Mimi nilikuwa nafanya jaribio hili siku ya kwanza ya kuvaa kifaa kipya, kisha nalisahau. Kwenye mkanda huu ni la kila kushuka, kwa sababu mkanda unaoshuka nao si ule uliopanda nao. Umefupisha, umerefusha, umevaa ndoo kiunoni.

Swali la mtu wa chini tulibishana nalo sana. Kijana alitaka Mjomba asihesabiwe tena; vifaa vimerekebishwa, mzee apumzike. Mimi nilisita. Mjomba aliokoa maisha kwa kuwa aligeuka kwa wakati, na kitu kinachotegemea mtu kugeuka kwa wakati sikiiti kinga. Lakini hakuna anayenilazimisha nichague kimoja. Tulichoamua ni kwamba anayeshika kamba chini hashiki moshi. Ni watu wawili. Na anayeshuka haanzi kabla ya kusikia jibu.

Tulirudi kwenye mti uleule baada ya wiki tatu, kiganja kikiwa kimepona kiasi. Kijana aliomba apande yeye. Alimaliza upande uliobaki, akafunga, akaketi kwenye nane, akanyanyua mikono pembeni kama ndege anayekausha mbawa.

"Mjomba, upo?"

"Nipo, njomba. Hesabu."

Moja, mbili, tatu, nne, tano. Alisimama imara. Akarudisha mkono kwenye kamba akitaka kufungua ya mti, lakini toka chini sauti ilikuwa inaendelea peke yake, taratibu, sita, saba, nane, na kijana akakaa akingoja mzee amalize.